Acheni kubandika highway=track kila mnapoona vumbi!

Wakuu, hili limezidi. Barabara za vijijini Tanzania zinaharibiwa kwenye OpenStreetMap (OSM), ramani huria ya mtandaoni tunayoichora wenyewe, kwa kosa lile lile kila siku. Mtu anaona mstari wa udongo mwekundu kwenye picha ya setilaiti, anauchora, anaupa tegi (lebo ya aina ya barabara) ya highway=track, anahamia mwingine. Kumbe ndiyo barabara pekee ya kijiji! Zinapita Noah za abiria, linapita gari la dawa, lakini kwenye data inasomeka njia ya trekta.

Madhara yake si madogo. OSRM, programu ya kutafuta njia kwa data ya OSM, kwa mpangilio wake wa kawaida wa gari, haina track kabisa kwenye orodha ya njia inazozipitia. Dereva akiomba apelekwe zahanati, programu inamwishia kwenye barabara ya karibu inayoitambua, hata kama zimebaki kilomita 12. Tatizo si programu, ni tegi.

Aina ya barabara inapimwa kwa kazi yake, siyo kwa lami. Ukurasa wa Highway Tag Africa kwenye wiki (tovuti ya maelezo) ya OSM umelieleza hili, usomeni. Barabara inayounganisha kijiji na kijiji ni unclassified, hata kama masika ina matope hadi magotini. Ikibeba magari ya kata nzima kwenda mnadani au makao ya wilaya, ni tertiary. Ikiingia katikati ya nyumba na kuhudumia nyumba hizo tu, ni residential. Ikate pale nyumba ya mwisho inapoishia, kipande kinachoendelea kikiwa unclassified. Track ni ile inayoingia shambani au msituni na haina kwingine inakokwenda.

Ubovu nao una tegi zake. Kwa picha peke yake andika surface=unpaved, uishie hapo. Aliyefika ndiye aandike zaidi, na hapa pia watu wanaboronga: moram iliyoshindiliwa ni surface=compacted, wakati gravel kwenye OSM ni mawe makubwa kama yale ya reli. Gari dogo likipita kwa shida, smoothness=bad. Ikihitaji gari lililonyanyuka, very_bad. Mto ukipita juu ya drifti, weka ford=yes kwenye nodi (nukta ya ramani) ambapo barabara na mto vinakutana, na vitumie nodi moja, visipishane hewani.

Kosa la upande wa pili: kijia cha bodaboda kinafanywa residential, lori linaelekezwa humo. Upana wa mita moja hauwezi kuwa barabara. Ni highway=path, na kama pikipiki zinapita ongeza motorcycle=yes, maana bila hiyo path inahesabika haipitwi na chombo chochote cha moto.

Wanaosimamia miradi ya kuchora kwa mbali, hili liandikeni kwenye maelekezo ya kazi kabla hamjawafungulia watu vipande vya ramani vya kuchora. Kumsahihisha mtu baada ya kuchora njia 400 ni kuchelewa mno.

Na wewe unayetaka kugeuza track zote za wilaya kwa mkupuo mmoja ndani ya JOSM, programu ya kuhariri ramani, usithubutu! Humo zimo njia halali za mashamba ya mkonge na za misitu ya serikali. Zivute kwa Overpass turbo, tovuti ya kuchuja data ya OSM, fuata kila moja hadi mwisho wake. Ikitokea kijiji cha pili, badilisha. Ikifia katikati ya shamba, iache ilivyo.