Mbwa kuparura sakafu ndani ya nyumba: tupeane uzoefu

Isevya, Tabora: Mwangaluka ndugu zangu. Nina mbwa jike, Popi, tunaye mwaka wa tatu. Wiki hii kila usiku anaingia stoo na kuparura kona ileile moja. Ni saruji tupu, hakuna hata ufa. Jana nilimchapa kandambili, akatulia kidogo, akaanza tena. Roho inaniuma. Kwenu ilikuwa nini?

Ujiji: Dada, usimchape. Wangu alikuwa anaparura nyuma ya gunia la mchele, nikaona ni ukorofi. Tulipolisogeza tukakuta tundu la panya ukutani, na vitoto ndani. Alikuwa anawasikia siku zote hizo.

Ipuli, Tabora: Kwangu lilikuwa joto. Oktoba yetu mnaijua, mvua bado na bati linawaka. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Anahema ulimi nje, na kijasho kidogo hutoka kwenye nyayo. Akiwa nje hufukua udongo wa juu apate ule wa baridi alalie, na kwenye saruji anajaribu hivyohivyo. Nilimlowanishia gunia chini ya mwembe, akahamia huko.

Kasulu: Mtazame na vidole. Akiwa anajilamba na kujiuma miguu, huenda ni funza.

Gungu, Kigoma: Mwanangu, amepandwa huyo? Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Zikikaribia kwisha anatafuta kona yenye giza, anafukua, anararua matambara, ndiyo anatengeneza pa kuzalia. Wangu alinichania kanga ambayo sijaivaa hata mara moja, na kesho yake vitoto sita. Mshike chuchu, utajua. Na akianza kususa chakula, kaa karibu naye.

Isevya, Tabora: Shikamoo mama. Nimekaa nikahesabu. Dume la jirani lilikuwa uani kwetu mwanzoni mwa Septemba, leo ni Oktoba 29. Chuchu zimejaa kweli, mimi nilidhani amenenepea ugali. Kumbe nimemchapa akiwa na mimba, na alikuwa ananionyesha kila usiku. Nimeondoa madebe pale konani, nimetandika magunia mawili na kanga kuukuu. Amezunguka mara tatu, ameparura kidogo, amelala. Mlango wa stoo nauacha wazi.