Saa ya otomatiki imeanza kukimbia ghafla, fundi anataka kubadili mashine yote

Kichuguu: Wakuu habari zenu. Nina saa ya mkono ya otomatiki, hizi zisizo na betri. Miaka yote ilikuwa inazidi sekunde chache tu kwa siku. Sasa nairekebisha asubuhi, jioni iko mbele dakika tano! Haijadondoka wala kuingia maji. Fundi kaiangalia juu juu, hata mfuniko hajafungua, kasema mashine imechoka, ibadilishwe. Nikubali?

MzeeWaMishale: Usikubali kwanza. Mashine iliyochoka au kukaukiwa mafuta mara nyingi huchelewa au kusimama. Ikikimbia ghafla hivyo, mshukiwa wa kwanza ni sumaku. Ndani kuna springi nyembamba kama unywele, imejiviringa. Ikishika sumaku, mizunguko yake hunatana, springi inafanya kazi kama imefupishwa, na gurudumu linalopima mwendo wa saa linacheza haraka kupita kiasi. Usiku unaiweka wapi?

Kichuguu: Juu ya simu. Na kava lake linajifunga kwa sumaku, duh.

MzeeWaMishale: Haya. Tafuta dira ya kawaida, ilaze mezani, sogeza saa karibu. Mshale kuvutwa tu si ushahidi, chuma chochote kinauvuta. Izungushe saa taratibu: ukipata upande unaoufukuza mshale, sumaku imo.

Nyota_7: Ndiyo maana mimi ni betri tu. Kristali ya ndani inatetema mara 32,768 kwa sekunde, mwezi mzima inakosea kama sekunde 15. Otomatiki ni mapambo.

Bi Tausi: Mkuu, hajauliza hilo. Na hiyo ya betri yenye mishale, iweke karibu na spika uone, mota inaweza kusimama kabisa.

Kichuguu: Mrejesho: nimeazima dira ya skauti ya mwanangu. Upande wa namba tisa mshale unavutwa, upande wa namba tatu unakimbia. Ninunue kifaa cha kuondoa sumaku?

MzeeWaMishale: Mafundi wengi wa saa wanacho, kazi ya sekunde chache, na saa haifunguliwi. Ila msimamie: kwa vile vidogo vya kubonyeza, aendelee kubonyeza huku anaiinua saa polepole hadi iwe mbali, ndipo aachie. Akiachia saa ikiwa bado juu yake, inaweza kushika upya. Kisha ipime siku nzima. Ikiendelea kukimbia ndipo mfuniko ufunguliwe. Na utafute fundi mwingine.