Tupeane uzoefu: "tall" na "high" zimewahi kukuponza wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Kiswahili kimetupa neno moja tu: mtu mrefu, mti mrefu, mlima mrefu, hata shimo refu. Kwa Kiingereza lazima uchague, na mimi nilichagua vibaya, akaumia mwingine.

Nilikuwa nawapeleka wageni Ziwa Ngozi. Kaka yangu ndiye angetupitisha msituni, na ni mrefu kweli. Nikawaambia, "My brother is very high." Yule mama akamshika mumewe mkono, wakateta pembeni, kisha wakaomba mtu mwingine. Kaka, ambaye hata pombe hagusi, akarudi nyumbani bila ujira wa siku ile. Baadaye mwalimu akanieleza kwamba ukisema mtu yuko "high", wenzetu wanaelewa amelewa, hasa bangi. Nilikwenda kumwomba kaka radhi, na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Sasa najiuliza hivi: kitu kimesimama, au kiko juu? Mtu, mti na mnara vimesimama, ni "tall". Rafu, dari, bei na homa viko juu, ni "high". Mparachichi wa nyumbani ni "tall". Lile tawi lenye tunda usilolifikia ni "high". Karibuni na yenu.

Mdau wa Iringa: Asante mkuu, na pole kwa kaka. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kila mwaka wanafunzi wananibana kwa mlima: si nao umesimama? Nawajibu kwamba mlima kwa kawaida ni "high", maana tunatazama kilele kiko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Rungwe unakaribia mita 3,000, lakini ukianzia vijijini hupandi mita zote hizo, kwa kuwa vijiji vyenyewe viko juu tayari. Halafu nawaandikia ubaoni jina la kwetu: Nyanda za Juu, yaani "Highlands". Hapo hakuna anayesahau.

Mdau wa Mafinga: Kwetu kwenye biashara ya nguzo za miti kuna neno la tatu. Nilimwandikia mnunuzi kwamba nguzo zangu ni "tall", akauliza kama bado hazijakatwa! Kumbe mti shambani ni "tall", ukishalala kwenye lori ni "long".