Boti kukaa juu mwaloni masika yote: turubai, banda au kuigeuza kichwa chini?

Boya_Kirumba
Wakuu habari zenu. Nina boti ya faiba futi 23 na mtumbwi wa mbao wa dagaa, vyote viko mwalo wa Igombe, Mwanza, yaani pale ufukweni mwa ziwa Victoria boti zinapopaki. Kuanzia mwezi wa tatu navipandisha juu mpaka masika iishe maana nasafiri. Nimecheki video za Wamarekani na Wazungu wanavyohifadhi boti zao nje wakati wa baridi, wanazifunga plastiki nzima nzima mpaka chini. Hapa mwaloni naona wengine wanatupia turubai tu, wengine wana banda la bati, wengine wanageuza kichwa chini wanaondoka zao. Ipi inalinda kweli? Bajeti yangu ya kawaida ila sitaki kurudi nikute mbao zimeoza.

Mnyantuzu_Oslo
Mkuu mimi niko huku Norway, hizo video zina mambo yake ambayo hayakuhusu. Huku adui ni barafu. Maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kama asilimia 9, yakiwa yamebaki ndani ya injini yanapasua bloku, ndo maana wanayatoa yote au wanatia dawa ya kuzuia kuganda. Mwanza maji hayagandi, hiyo dawa usipoteze hela. Na ile plastiki ya kubana ni kwa ajili ya theluji, tena hata huku wanaoelewa wanaacha matundu ya hewa, wasipofanya hivyo boti inaota ukungu ndani. Sasa fikiria jua la huko nyuzi 2 na nusu kutoka ikweta linapiga plastiki iliyofungwa, unyevu wote unabaki humo humo.

Fundi_Kayenze
Kaka kabla ya kuuliza turubai au banda tenganisha hivyo vyombo viwili, faiba na mbao haviumwi ugonjwa mmoja.

Mbao ikikaa juani muda mrefu inakauka, inajikunja, kalafati (pamba inayoziba maungio ya mbao) inaachia, siku unashusha maji yanaingia kila mahali. Ikikaa kwenye mvua, maji yakatuama ndani, inaoza, na inaanza kuoza pale usipopaona, chini ya mataruma (mbavu za mtumbwi) na kwenye maungio. Halafu kuna mchwa. Sisi wa ziwani tuna bahati hatuna yule mnyoo wa baharini anayetoboa mbao chini ya maji, ila ukishaipandisha mbao nchi kavu umempelekea mchwa chakula. Kwa hiyo mtumbwi usiguse udongo hata kidogo, weka juu ya matofali au magogo, na kila wiki mtu apite aangalie kama mchwa wamejenga njia ya udongo, wakijenga abomoe.

Kwa mtumbwi mimi nasema ugeuze kichwa chini chini ya kivuli. Mvua inateleza, maji hayatuami, hewa inapita kwa chini. Kuna wazee wanauacha majini kwenye kina kifupi umejaa maji na mawe ndani, na ni kweli mbao iliyozama haiozi haraka maana haipati hewa, mbao zinabaki zimevimba vizuri. Ila kwa mtu anayesafiri siwezi kukushauri, wimbi la usiku mmoja linaupiga kwenye mawe mpaka unapasuka.

MamaDagaa_Ilemela
Naunga mkono fundi. Na hiyo ya faiba usiigeuze, utavunja kingo na ni nzito, iache imekaa wima, mbele uinue nyuma ishuke, halafu TOA KIZIBO cha lile tundu la chini kule nyuma, maji yatoke. Watu wanasahau kizibo kila mwaka. Piga hesabu, boti ya mita 7 kwa mita 1 na nusu hivi ni kama mita 10 za mraba, mvua ya milimita 50 ikinyesha ndani ni lita 500, yaani nusu tani imekalia matairi mawili uliyoweka chini, faiba itaacha kupasuka? Hata ukiwa na turubai toa, maana turubai likilegea katikati linakuwa bwawa, linachanika, yote yanamwagika ndani.

Kuhusu banda la bati ni zuri kuliko yote kwa ulinzi, sikatai, lakini sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Ukimwaga zege hapo utakuja kubomolewa. Pia ziwa lenyewe linapanda, 2020 na tena 2024 tuliona maji yalivyokula mialo. Ongea na BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) ya hapo wakuoneshe sehemu ya juu na mlinzi wa kueleweka.

Nansio_Mashine
Mnaongelea boti tu, mashine (injini ya nyuma) je? Mashine usiiache kwenye boti, itaibiwa kabla hata mvua haijaanza. Ifungue ipeleke ndani, isimamishe wima maji yatoke yote. Ila kabla ya kuifungua maliza petroli kwenye kabureta kwa kuchomoa paipu ya mafuta na kuiacha izunguke mpaka ijizimie (ikiwa kwenye maji lakini, usiiwashe nchi kavu), maana petroli ikikaa inaganda gundi kwenye jeti. Badilisha oili ya gia KABLA ya kuihifadhi sio baada, ikitoka nyeupe kama maziwa ujue sili imekufa maji yanaingia. Plagi zifungue, tia oili kidogo, zungusha kwa mkono. Na tundu linalotema maji ya kupoza ziba na kitambaa, nyigu wanajenga humo na udongo wao.

Kasulu_Boy
Kigoma huku ziwa Tanganyika lilipofungwa 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 mitumbwi ilikaa juu miezi mitatu, na hiyo ni kiangazi. Ishu ilikuwa jua sio mvua. Kivuli wakuu, kivuli.

Boya_Kirumba
Asanteni sana wakuu. Kwa hiyo banda nimeacha. Turubai gani sasa, haya ya bluu au yale ya malori? Na nipake oili chafu kwa ajili ya mchwa?

Fundi_Kayenze
La bluu jua linalimaliza haraka, linaanza kubanduka vipande vipande vinaingia ziwani. Chukua la lori, hata la mtumba. Usililaze juu ya boti, simamisha mirunda, kamba katikati juu kabisa, pande mbili zishuke kama paa, chini paache wazi hewa ipite. Kamba zifunge kwenye mirunda na mawe, usifunge kwenye boti, upepo ukija unaibeba nayo.

Oili chafu hapana kaka. Mvua ya kwanza inaishusha ziwani na hayo maji watu wanakunywa. Chini ya magogo mwaga majivu, badilisha yakilowa, na ule ukaguzi wa kila wiki usiachwe. Ukirudi mwezi wa sita usishushe mtumbwi ukaenda kuvua siku hiyo hiyo, uloweke kwanza pembeni siku mbili tatu mbao zivimbe, halafu niite nipige kalafati panapovuja.