Naomba ushauri: vidonge vya kulinda ukuta wa ubongo

Wadau, niko Kisumu. Mamangu alipata kiharusi mwezi Machi, sasa anatembea kwa mkongojo. Jumamosi jirani alimletea chupa ya vidonge vya shilingi 4,500, eti vinaua radikali huru (chembe kali zinazotokana na matumizi ya oksijeni mwilini, huharibu seli) na kuziba ukuta unaotenga damu na ubongo.

Hilo la ukuta si uongo mtupu. Seli za vimishipa vya damu vya ubongo zimeshonana hadi dawa nyingi hazipenyi. Na ubongo, asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hula karibu asilimia 20 ya oksijeni, kwa hivyo radikali hazikosekani. Damu ikizibwa kisha ikarudi, zinafurika, zinakula mafuta ya utando wa seli, mishono inalegea, maji yanaingia, ubongo unavimba. Sawa, lakini hiyo ni shughuli ya saa na siku za mwanzo. Miezi imepita!

Kinachonitia hofu ni lebo: vitamini E, IU (kipimo cha vitamini) 1,000 kwa siku, naye anameza aspirini. Vikikutana si atavuja damu? Ameshameza viwili. Kliniki ni Alhamisi. Nimwachishe leo au ningoje daktari? Na jirani nimwambieje, maana pesa ni zake?