Naomba ushauri: baba yuko chuoni Makumira, mtoto anamlilia kila jioni

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mume wangu anasomea uchungaji Makumira, kule Usa River, Arusha, nami nimebaki Njombe na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka 4, mdogo bado ananyonya. Huyu mkubwa kila jioni anataka kuongea na baba yake. Saa hiyo mwenzangu anajisomea Kigiriki chake cha Biblia, na wakishaagana mtoto analia mpaka analala bila kula. Hilo linaniumiza kuliko hata habari ya ada. Mume anashauri tuhamie, tupange chumba karibu na chuo, lakini genge langu hapa ndilo linalotulisha. Mama wachungaji mliopitia haya, mlihama au mlisubiri likizo? Na watoto mliwatulizaje?