Nile nini kabla ya kulala ninapotumia insulini?

Usiku Mrefu ameuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Nina kisukari cha aina ya pili, na huu ni mwaka wa pili tangu nianze kujidunga insulini ya mchanganyiko, asubuhi na jioni, kabla ya chakula. Mchana sina lalamiko. Tabu yangu ni usiku: mara mbili au tatu kwa wiki hushtuka usingizini mnamo saa nane, fulana imelowa jasho mgongoni na mikono inatetemeka hadi tone la damu linakosa stripu, kisha mashine ya kupimia sukari inaonyesha 3.4 au 3.2 mmol/L, yaani sukari imeshuka mno. Niliambiwa nile chochote kabla ya kulala, nami nikatii kwa bidii: biskuti tamu na glasi ya juisi kila saa nne usiku. Sasa naamka na 13 au 14, nimeongezeka kilo nne, na kule kushtuka hakujaisha. Nile nini, na kwa kiasi gani, ili nisishuke usiku wala nisiamke nikiwa nimepanda?

Muuguzi wa Zamu amejibu:

Pole sana, ndugu. Kabla ya chakula, itazame kwanza chupa yenyewe. Insulini hiyo unayoiviringisha kati ya viganja hadi iwe nyeupe kama maziwa ina sehemu mbili: moja inafanya kazi mapema na kushughulikia chakula cha jioni, na nyingine ni ya muda wa kati, ambayo kwa wengi hufika kileleni baada ya muda wa saa 4 hadi 10. Ukijidunga saa moja jioni, kilele hicho kinakukuta kati ya saa tano usiku na alfajiri, umelala na chakula kimekwisha kusagwa. Biskuti na juisi haziwezi kukuvusha hapo, kwa kuwa sukari yake huingia kwenye damu upesi na kuisha upesi. Nadhani pia kwamba ukishtuka unakunywa juisi kwa hofu, zaidi ya unavyohitaji (glasi ya mililita 250 ina takriban gramu 26 za wanga), na alfajiri ini nalo linaongeza sukari yake kwa msukumo wa homoni. Hiyo 14 yako inaweza kuelezwa na hayo mawili.

Ningekuomba, kwa siku tatu mfululizo, upime saa nne usiku, saa tisa usiku na unapoamka, uandike pia saa ya sindano na ulichokula, kisha umpelekee daktari wako karatasi hiyo mapema bila kungoja tarehe ya kliniki. Mtu anayelazimika kula kila usiku ili asishuke, mara nyingi dozi yake ya jioni imezidi mahitaji ya mwili. Daktari anaweza kuipunguza, au akakubadilishia insulini ya muda mrefu isiyo na kilele kikali. Tafadhali usiipunguze mwenyewe kwa kukisia, wala usiiache.

Hadi utakapomwona, kipimo cha saa nne ndicho kiamue. Ukikuta chini ya 5.6 hivi, kula kitu chenye takriban gramu 15 za wanga, kiwe na protini na mafuta kidogo ili kisagwe taratibu. Ukikuta chini ya 3.9, hapo unahitaji tiba, vitafunio vitafuata baadaye. Ukikuta 8 au 9, na vipimo vya saa tisa havionyeshi kwamba unashuka, huna sababu ya kula isipokuwa njaa.

Mkongwe wa Sindano amejibu:

Mimi ninajidunga mwaka wa 19 huu, na miaka minane ya mwanzo niliimaliza nikiilisha insulini. Kituo nilichokuwa nikihudhuria kiliniambia "kula tu kitu usiku", na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini nilikuwa nikishuka. Kwa hiyo namwunga mkono muuguzi, ila niongeze ya jikoni.

Usiku ambao kipimo kinanitaka nile, huwa nachukua kipande kimoja cha mkate wa ngano isiyokobolewa, chenye gramu 12 hadi 15 za wanga, pamoja na yai moja la kuchemsha. Nisipotaka kutafuna, kikombe cha mililita 250 cha maziwa yasiyotiwa sukari kinatosha, kwani kina gramu 12 za wanga na 8 za protini. Mtindi usiotiwa sukari nao ni mzuri, lakini soma maandishi ya kopo, maana ule wenye ladha ya matunda mara nyingi ni tamu kama biskuti zako.

Karanga zimenidanganya kwa muda mrefu. Nilisikia zinafaa, nikawa nazila peke yake nikidhani nimejikinga, kumbe gramu 30 zina wanga wa gramu 5 tu, na mafuta mengi. Zinafaa kando ya nusu tofaa. Nazipima kwa kifuniko cha chupa yake, kifuniko kimoja, kisha naifunga chupa na kuirudisha kabatini kabla sijaketi, kwa sababu nikiketi nayo najijua. Yai peke yake nalila usiku wa njaa tupu, sukari ikiwa juu ya 8, kwa kuwa halina hata gramu moja ya wanga.

Siku uliyofanya kazi nzito au mazoezi ya jioni, usiamini kipimo kizuri cha saa nne, kwani misuli huendelea kuvuta sukari usiku kucha. Pombe ni mbaya zaidi, maana ini likishughulika nayo haliachilii sukari ipasavyo. Mwenye tatizo la figo amwulize mtaalamu wa lishe kuhusu protini kabla ya kufuata mayai yangu. Halafu jipapase pale unapodunga: nilikuwa na uvimbe mdogo kama harage chini ya kitovu, sehemu niliyoizoea kwa kuwa haiumi, na insulini ya hapo ilikuwa ikifyonzwa leo hivi, kesho vile.

Mke wa Mgonjwa amejibu:

Naomba kutilia mkazo neno moja la muuguzi, kwamba chini ya 3.9 tiba hutangulia vitafunio. Mume wangu aliposhuka hadi 3.1 nilimpa chokoleti, kwa kuwa ni tamu na ndiyo iliyokuwa karibu. Nusu saa ilipita akiwa bado anatetemeka, kwa sababu mafuta yake yaliichelewesha sukari. Sasa kando ya kitanda tunaweka glukosi ya vidonge: gramu 15, tunasubiri dakika 15, tunapima tena, na ikiwa bado iko chini ya 3.9 tunarudia. Mkate na yai vinakuja baada ya hapo. Akiwa hajitambui, usimtie kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu na uite msaada wa dharura.

Usiku Mrefu ameandika tena:

Ahsanteni, dada na ndugu zangu. Nimepima siku tatu. Saa nne usiku nilikuta 6.8, 7.4 na 6.1, saa tisa 3.7, 4.0 na 3.3. Siku ya tatu nilikuwa nimekula mkate na yai, na bado nilishuka. Daktari aliitazama karatasi hiyo kwa dakika moja tu, akapunguza dozi ya jioni na kunitaka nirudi baada ya wiki. Jana nililala nikiwa na 7.9 bila kula kitu, saa tisa nikakuta 6.0, asubuhi 7.1. Uvimbe nao nimeukuta, upande wa kushoto, na nimehamia pajani.

Muuguzi wa Zamu amejibu:

Vizuri. Mweleze daktari kwamba umehama, kwa sababu sehemu isiyo na uvimbe hufyonza insulini vizuri zaidi na dozi ileile inaweza kukushusha kuliko awali. Endelea kupima saa tisa hadi siku utakayorudi kwake.